Damu ya Mama, Fuvu la Sultani

Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya watu juu ya vioo vidogo. Mgonjwa anakaa kwenye benchi, namshika kidole, napangusa kwa pamba yenye alkoli, nachoma, naminya, tone linaanguka juu ya kioo. Lingali bichi, naandika jina pembeni kwa penseli. Situmii kalamu ya wino, maana wino huyeyuka kioo kinapooshwa, penseli hubaki. Mzee aliyenifundisha labo alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata siku moja: damu isiyo na jina haisomwi. Hata ukiona chini ya hadubini vijidudu vya malaria vimejaa kama ndagala kwenye wavu, unaitupa, unakwenda kumtafuta mgonjwa upya, kwa kuwa huwezi kumpa dawa mtu usiyemjua.

Nadhani ndiyo sababu mtoto wa mdogo wangu, anayesoma historia Bukavu, alipokuja kwetu Baraka, mashariki mwa Kongo, kwa likizo aliniletea mimi swali lake, hakumpelekea mchungaji. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nachambua ndagala, natoa mchanga. Akasema: "Mama mkubwa, wewe ni mtu wa damu. Lile fuvu la Lusinga lililoko Brussels, walipime DNA au waliache?" Nikamwambia anipe muda. Nimefikiri majira mawili ya mvua, na sasa namjibu, yeye na wengine wenye swali kama lake.

Lusinga lwa Ng'ombe alikuwa sultani wa Watabwa, kusini mwetu kwenye pwani hii hii ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya nyuma ya Mpala. Mwezi wa Mei 1883 Mbelgiji mmoja, luteni Émile Storms, aliyekuwa akilitumikia Shirika la Kimataifa la Afrika la Mfalme Leopold wa Pili, alifika Mpala akajenga kituo chenye ngome. Na mwenyeji wake, sultani Mpala, walichanjana damu wakawa ndugu. Lusinga hakukubali kuwa chini yake. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms wenye bunduki waliingia kijijini kwa Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Wanahistoria wanahesabu kwamba watu kati ya 50 na 60 walikufa pamoja naye. Kichwa kikawa fuvu, fuvu likasafiri hadi Ubelgiji pamoja na mafuvu ya masultani wengine wawili wa upande ule, Mpampa na Maribou. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé aliyapima kwa vipimo vya wakati ule, upana na urefu, akayaeleza mbele ya wataalamu wenzake. Baadaye mjane wa Storms alitoa mkusanyo wa mumewe kwa makumbusho ya Kongo huko Tervuren, na mwaka 1964 mafuvu yakahamishiwa Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia mjini Brussels. Watu wengi walikuwa hawajui hata kama yapo, mpaka mwandishi Michel Bouffioux alipoitoa habari hiyo mwaka 2018. Tangu hapo wamejitokeza watu wanaosema ni wa ukoo wa Lusinga, wanamtaka arudi. Na Ubelgiji ilipotunga sheria ya kurudisha mali za ukoloni mwaka 2022, mabaki ya binadamu hayakuwemo.

Sitaki kumpamba Lusinga. Bibi yangu mzaa mama alitoka upande wa Mpala. Alikuja huku na boti ya samaki, ameolewa na Mbembe, na mpaka kufa kwake alipika sombe kwa namna ya kwao. Jina la Lusinga alilitaja kwa sauti ya chini, kama alivyolisikia kwa mama yake, maana kwao lilikuwa jina la kunyamazishia watoto usiku. Lusinga aliteka watu wa vijiji vya jirani akawauza kwa wafanyabiashara waliowavusha ziwa kwenda Ujiji, na kwa malipo yao akapata bunduki na baruti. Huenda katika watu aliowauza walikuwemo ndugu za bibi. Hata hivyo bibi asingekubali kichwa cha mtu kikae sandukuni nchi ya watu kwa miaka 140. Kaburi halikuwa zawadi ya wema kwa wazee wetu. Hata mchawi alizikwa.

Basi, lipimwe? Kwanza niseme kipimo chenyewe ni nini, kwa kuwa nasikia watu wakikisema kana kwamba ni pepo anayejibu kila kitu. DNA ni maandishi yaliyomo ndani ya karibu kila chembe ya mwili. Mtu akifa, maandishi hayo huanza kukatika vipandevipande. Joto, unyevu na udongo wa nchi kama yetu huyala haraka. Yanadumu zaidi mahali pagumu, ndani ya jino, na katika mfupa mdogo unaozunguka sikio la ndani, ambao ni mgumu kuliko karibu mifupa yote ya mwili. Ili kuyasoma, wanatoboa, wanachukua unga, unga huo haurudi tena. Halafu unga pekee hausemi jina. Unahitaji mtu aliye hai wa kulinganisha naye. Bila yeye, unachopata ni kioo kisicho na penseli.

Na huyo mtu aliye hai ni nani? Hapa ndipo bibi yangu anaporudi. Kwa Watabwa mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Sultani akifa, kiti chake hakimwendei mtoto wake wa kumzaa, kinakwenda kwa mdogo wake wa tumbo moja au kwa mtoto wa dada yake. Kwa Wabembe mtoto ni wa baba. Kwa hiyo baba yangu alinihesabu Mbembe, na bibi, mpaka siku anakufa, alinihesabu mtu wa ukoo wake wa Mpala, kwa sababu mama yangu alitoka tumboni mwake na mimi nimetoka tumboni mwa mama. Nilipokuwa mdogo niliona ni ubishi wa wazee. Nilipojifunza labo, miaka mingi baadaye, nikakuta ndani ya chembe kuna maandishi ya aina mbili. Mengi yanachanganyika kutoka kwa baba na mama. Lakini machache hutoka kwa mama peke yake, yanapita kwa binti, kwa binti wa binti, karibu bila kubadilika. Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Bibi hakujua kusoma, na hesabu yake ilikuwa humo.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko Uingereza. Mwaka 2012 walichimba chini ya maegesho ya magari mjini Leicester wakakuta mifupa waliyodhani ni ya Mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani mwaka 1485. Walilinganisha na watu walio hai wa uzao wa dada yake, kwa njia ya akina mama, ikalingana. Walilinganisha na wanaume wa ukoo wake kwa njia ya baba, haikulingana. Mahali fulani katika karne zile mtoto mmoja alipewa baba asiye wake, na siri iliyozikwa na wenyewe ikatangazwa dunia nzima. Kwa hiyo anayesema "tumpime Lusinga na wajukuu wake" lazima kwanza ajibu: wajukuu kwa hesabu ya nani? Maabara ya Brussels inaweza kumpima mzao wa mtoto wake wa kiume na kusema ndiyo, na wazee wa Kitabwa wakasema huyo ni wa ukoo wa mama yake, si mwenye kaburi. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Nimewahi kusimama katikati ya kweli mbili za namna hiyo. Mwanzoni mwa 1999 tulivuka ziwa usiku hadi Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu. Dada yangu alifia kambini mwaka uliofuata, akaniachia binti wa miaka miwili. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto, halipo neno lingine. Alikua akiniita mama. Alipofika miaka kumi, ofisi moja ilikuwa imefungua faili letu la kwenda kuishi nchi ya mbali, wakatupangusa mate ndani ya mashavu, mimi na yeye. Jibu likaja: huyu si mama yake. Faili likafungwa. Jioni ile mtoto alikaa mlangoni pa hema akaniuliza, kama mimi si mama yake, mama yake ni nani. Mimi ni laborantini. Nilijua kipimo hakikukosea. Waliuliza nani alimzaa, kikawajibu. Hakuna aliyeuliza nani anamlea, nani atamzika, nani atalia akifa. Tulirudi Baraka mwaka 2009, leo ana watoto watatu, na wote wananiita bibi.

Tangu hapo siogopi DNA, wala siiamini kuliko swali inaloulizwa.

Sasa niangalie walivyofanya wengine. Jino la Patrice Lumumba, kitu pekee kilichobaki katika mwili wake baada ya kuuawa tarehe 17 Januari 1961, lilichukuliwa nyumbani kwa binti wa polisi Mbelgiji aliyeshiriki kuuangamiza mwili huo. Waendesha mashtaka wa Ubelgiji hawakulipima, kwa sababu kulipima kungelimaliza. Juni 2022 watoto wake walilipokea Brussels, likapita kwao Sankuru, likapita Kisangani na Lubumbashi, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Siku zile Baraka nzima redio zilikuwa wazi. Sikumsikia mtu sokoni akiuliza kama kweli ni jino lake. Mwezi wa Agosti 2025 Ufaransa iliirudishia Madagaska mafuvu matatu ya Wasakalava, moja likidhaniwa kuwa la Mfalme Toera, aliyeuawa mwaka 1897. Wataalamu walithibitisha kuwa ni ya Wasakalava, lakini juu ya mfalme mwenyewe hawakuweza kusema zaidi ya kudhani. Wasakalava wana njia yao, mtu anayepandwa na roho za wafalme, na kwao neno lake lilitosha.

Mimi ni Mprotestanti, siendi kwa waganga wa roho. Lakini siwezi kumwambia Msakalava kwamba machozi yake yasubiri majibu ya labo. Jirani yangu, mwalimu wa madrasa hapa mtaani, alinikumbusha neno la Mtume wake kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Nilimuuliza: na kama kuvunja kidogo kunamrudisha kwao? Akafikiri, akasema daktari pia hukata, ila hukata kwa faida ya anayekatwa. Neno hilo nimelishika. Kipimo kiwe kwa faida ya yule aliyekufa.

Kwa kipimo hicho cha jirani yangu, Lusinga anapata faida gani akitobolewa? Jina lake linajulikana. Aliyemuua ndiye aliyepeleka fuvu Ulaya na jina likiwa nalo, na daktari aliyelipima akalichapisha jina hilo kitabuni. Miaka 140 maandishi ya wauaji yalitosha kumweka rafuni kama Lusinga, sultani wa Watabwa. Ajabu ni kwamba maandishi hayohayo yanaanza kuonekana hayatoshi siku watu wa kwao wanapobisha hodi kumchukua. Mlangoni pa kuingilia hakuombwa cheti. Mlangoni pa kutokea anaombwa damu ya wajukuu. Hilo siliwezi. Lusinga arudishwe kwa jina lile lile walilomwingizia, kwa nchi aliyotoka. Wazee wakitaka baadaye kukata shauri kati ya nyumba mbili zinazogombea kumzika, na wakaona kipimo kitawasaidia, waombe wenyewe, wachague wenyewe atakayelinganishwa, na unga utakaobaki uzikwe pamoja naye.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza jibu. Kisha nikakumbuka fuvu la Kalenga.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asishikwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliamuru Ujerumani ilitoe fuvu lake katika miezi sita. Halikuonekana. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akawekewa mafuvu mengi ya Afrika Mashariki. Lilichaguliwa moja ambalo vipimo vyake vilifanana na vya jamaa za Mkwawa walio hai, na ambalo lilikuwa na tundu la risasi. Juni 1954 alilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, mbele ya watu wake, na mpaka leo liko Kalenga, karibu na Iringa, watoto wa shule wanapelekwa kuliona.

Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo nilijisemea: waacheni Wahehe na fuvu lao. Wamelilia, limekuwa lake. Mkwawa angejulikana hata kama hakuna mfupa wake wowote duniani. Lakini nikiwa kitandani nikawaza juu ya huyo mwingine. Kama rula ya 1953 ilikosea, basi ndani ya kioo kile Kalenga amekaa mtu asiye Mkwawa. Naye alikuwa na mama. Naye alipigwa risasi, au alinyongwa, akakatwa kichwa, akavushwa bahari, halafu aliporudi katika ardhi ya Tanganyika akapewa jina la mtu mkubwa, na lake likafutika mara ya pili. Mkwawa hahitaji kipimo. Anayekihitaji ni huyo mwingine, kama yupo. Sisemi Wahehe walazimishwe. Nasema siku wakiamua, waamue kwa ajili yake.

Hapo ndipo jibu langu lilipogeuka. Tumezoea kufikiri kwamba kipimo ghali ni haki ya wafalme, kwa sababu wao ndio wanaotafutwa. Tazama Moshi. Mangi Meli wa Wachaga alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake akamtafuta kwa miaka na miaka. Mwaka 2023 Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki. Katika machache waliyoyalinganisha na Wachaga walio hai, matatu yalionyesha udugu, na moja lilikuwa na neno juu yake: Akida. Alikuwa mshauri mkubwa wa Mangi. Walimtafuta mfalme, damu ikamtoa mtu wake. Mfalme hakuonekana miongoni mwao, na nyumba nyingine, ambayo haikuwa magazetini, ikapata wa kwao. Sioni kama huko ni kushindwa. Ndiyo kazi ambayo kipimo hiki kimeumbiwa.

Mfalme ana jina katika nyimbo, katika kiti, katika mpaka wa mashamba, hata katika vitabu vya adui zake. Mtu wa kawaida akishaondoka waliomjua kwa sura, anabaki na damu tu. Wale 50 au 60 waliokufa siku moja na Lusinga, hakuna aliyebeba mafuvu yao kwenda Brussels na kibandiko. Tarehe 24 Agosti 1998 huko Kasika, juu yetu katika Mwenga, aliuawa mtawala wa Lwindi, Mwami François Mubeza, pamoja na mkewe na mamia ya watu. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inamtaja Mwami, na wengine inawahesabu. Taarifa hiyohiyo inasema kwamba kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na tarehe 2 Januari 1999, Makobola na vijiji vya jirani, hapa hapa Fizi, waliuawa zaidi ya watu 800.

Kaka yangu ni mmoja wa hao. Alikuwa amekwenda kula mwaka mpya kwa wakwe zake, amebeba debe la mawese na kuku wawili. Hatukumwona tena. Waliobaki hai walizika kwa haraka, wengi katika shimo moja, na sisi tukakimbilia ziwani. Nikipita Makobola kwa gari kwenda Uvira, dereva hapunguzi mwendo, abiria wananyamaza dakika mbili tatu, halafu mazungumzo ya bei ya mafuta yanarudi. Mimi huangalia upande wa mlima. Najua yuko pale. Sijui ni wapi.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 21, iko habari ambayo wahubiri wetu wanaipita haraka kwa sababu inatisha. Watu saba wa nyumba ya Sauli walitundikwa mlimani, wakaachwa hapo. Rispa, aliyekuwa suria wa Sauli, mama wa wawili kati yao, alitandika gunia juu ya mwamba akakaa tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, mchana akifukuza ndege, usiku akifukuza wanyama. Habari ilipomfikia Daudi, alikwenda kuileta mifupa ya Mfalme Sauli na ya Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, wakaizika katika kaburi la baba yake Sauli. Na mifupa ya wale saba ikakusanywa pia. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara naona mpango uleule. Mfalme alirudi kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kuwaacha watoto wake. Mifupa ya kiti na mifupa ya waliotundikwa iliokotwa katika safari moja, na Biblia inasema baada ya hapo Mungu akasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu ni hili. Lusinga, Mpampa na Maribou warudi bila kutobolewa, majina wanayo. Wale wengine walioko kwenye masanduku yaleyale Brussels na Berlin, wenye namba tu na jina la mto au la mlima walikookotwa, hao wapimwe, kwa heshima, kwa ruhusa ya nchi walizotoka, na matokeo yaletwe vijijini kwa lugha inayosikika. Na fedha na mashine zinazotafuta wafalme zifike pia Makobola na Kasika, ambako hakuna rafu wala kibandiko. Anayetaka kujua kama mfupa wa kifalme upimwe, kwanza aulize ni nani amelala karibu nao bila jina.

Wewe ulidhani nazungumza habari za Ulaya. Nikuonyeshe kitu ambacho mama yako mwenyewe hajakiona. Mwaka 2013, mwaka mmoja kabla bibi yenu hajafa, nilileta nyumbani karatasi moja ya kukaushia damu, ile yenye duara tano tunayotumia kwa watoto wachanga. Nilimweleza mama kila kitu: kwamba siku moja wanaweza kufungua shimo la Makobola, kwamba mimi naweza kuwa nimekufa, na kwamba damu ya mama inamjua mtoto kuliko damu ya dada. Alikaa kwenye kiti cha nje, akanipa mkono. Kidole cha mlimaji ni kigumu, nilichoma mara mbili. Nilipojaza duara la pili akaniuliza, "Hii itamfikia?" Nikasema, "Itamtambua." Akasema, "Basi zijaze zote."

Karatasi nikaiweka kivulini mpaka jioni ikauke, nikaitia katika bahasha, bahasha katika kopo la maziwa ya unga lenye vipande vya makaa makavu chini, nikaziba kwa nta. Ndani ya duara zile tano iko alama ya bibi wa Mpala, ileile iliyomo ndani yangu, ndani ya mama yako, ndani yako, na ndani ya shimo lile. Kabla ya kuziba nilichukua penseli. Niliandika jina la mama, na chini yake nikaliandika jina la kaka yangu. Kopo liko juu ya kabati, nyuma ya Biblia. Ukirudi likizo ijayo nitakupa wewe ulitunze, na nitakufundisha jinsi ya kulikagua lisiingie unyevu.